Pilau la dhahabu

Nilifunua kawa kwa mbwembwe, kama ninavyofanya kila Idi, na wanangu wakapiga vigelegele, kama wanavyofanya kila Idi, maana wanajua mama yao asipopigiwa vigelegele hapakui. Mvuke ukapanda. Iliki, mdalasini, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaanza kuungua pembeni. Mama alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, mjukuu wa mwisho mapajani. Akanyoosha shingo aone kilichomo kwenye sinia. Kisha akamshusha mtoto taratibu, akapapasa kutafuta mkongojo wake, akainuka.

"Nani kakufundisha kupika hiki?"

Nikacheka. "Si wewe, Mama?"

Hakucheka. Akatoka barazani, na chakula chake cha Idi tulimpelekea huko huko: pilau la mbuzi, lile la kawaida, la mchele.

Lile jingine hakuligusa.

Imepita wiki ya saba sasa. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo daladala. Naandika labda litaniachia.

## Chenga za njano

Idi ndogo tunaila kwangu Dar. Idi kubwa ndiyo tunayokwenda Tanga, na huko jiko ni la Mama, hakuna anayethubutu kushika mwiko. Mwaka huu aliwahi kuja kwa ajili ya macho yake, Ramadhani ikamkuta hapa, Idi ikamkuta hapa. Ndivyo alivyokutana na sinia langu. Zaidi ya miaka ishirini nalipika, na yeye kule Tanga hajawahi kulipika hata mara moja mbele yangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi.

Nisiwachoshe na mapishi, lakini lazima mjue ni kitu gani. Unachukua mahindi ya njano, unayalowesha, unayatwanga kwenye kinu mpaka pumba zitoke, unapepeta, unatwanga tena mpaka yavunjike yawe chenga. Chenga zile unazipika kama unavyopika pilau, kitunguu na thomu na bizari nzima na yale mengine, ila badala ya nyama unatia pweza mkavu uliyemponda. Maji yakikauka, unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Linatoka la njano, chembe moja moja, na chini linaacha ukoko ambao sijaona wa kufanana nao. Ukoko wa wali unavunjika. Ule unatafunika kama kashata.

Kwetu linaitwa pilau la dhahabu. Binti yangu alishawahi kulipiga picha, akaiweka mtandaoni na kuandika "pilau la asili la Tanga". Watu wa Tanga wakamuuliza: Tanga ipi hiyo? Nikamwambia asiwajali, hao ni wa kuja.

Nilikuwa na miaka saba nilipolila mara ya kwanza. Idi ya Julai 1983, nyumbani kwetu Ngamiani. Walionizidi umri hawahitaji kuelezwa mwaka ule ulikuwaje: foleni, matofali yaliyopangwa mbele ya duka usiku kuwashikia watu nafasi, nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai. Vita vya Kagera vilishatukausha, mkonge bei yake ilishaanguka, na operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi ilikuwa imeanza Machi. Mtu mwenye katoni ya sabuni uvunguni alikuwa akiitoa usiku kwenda kuitupa, sabuni ambayo mwenzake alikuwa akiitafuta mji mzima.

Mimi sikuyaona hayo. Yaani niliyaona, lakini mtoto wa miaka saba anajua dunia iko vile vile ilivyo. Foleni ilikuwa mahali pa kuchezea.

Nilichokiona ni hiki. Mwezi umetangazwa redioni, mtaa mzima umeshangilia, watu wamerudi ndani. Kwetu kinu kikaanza. Dada yangu mdogo na mimi tulilala kitanda kimoja tukisikiliza mchi, na niliamini kwamba hiyo ndiyo sauti ya sikukuu inapotengenezwa. Asubuhi nguo zetu zilikuwa za mwaka jana, pindo limefunguliwa, alama ya pindo la zamani imebaki kama mstari wa daftari. Mama akatukalisha, akafunua sinia, akasema maneno ambayo nayakumbuka kama Fatiha:

"Wali wanakula watu wote. Dhahabu wanakula wafalme."

Tukala kifalme. Tukagombania ukoko. Baba alirudi msikitini na kanzu yake, akachungulia jikoni, akamshika kaka bega, wakatoka kwenda kuamkia watu. Walirudi magharibi. Baba alikuwa na pipi mfukoni.

Kumbukumbu yangu ilikuwa hiyo, nzima, haina ufa.

## Alichosema akichambua mchele

Siku mbili baada ya Idi nilimkuta barazani na ungo. Macho yake hayaoni vijiwe tena, anachambua kwa ncha za vidole, na bado hapitwi na kimoja. Nikakaa kando yake nikajifanya namsaidia.

Nikasema, "Mama, nimekukosea nini?"

Akaendelea kuchambua. Mama yangu hakatizwi na swali.

"Yale yalikuwa mahindi ya msaada," akasema baadaye. "Yale ya njano, tukiyaita Yanga. Mchele nilitafuta wiki mbili. Mjomba wenu wa Mombo alikuwa nao, lakini nani angepanda basi na mchele mwaka ule, apite kwenye vizuizi vile? Nikasema basi, watoto wasijue. Nikatwanga usiku ili mchana watu wasione rangi ya pumba. Nikatunga na jina." Akatupa kijiwe uani. "Mtu akitunga uongo anategemea utakufa. Wangu umeota miguu, umehamia Dar es Salaam, umezaa na wajukuu."

Nikataka kucheka. Uso wake ukanikataza.

"Viungo vilikuwepo," nikasema, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuokoa kitu.

"Viungo si vya Amani pale mlimani? Viungo vilikuwepo. Nazi ilikuwepo, mafuta nilikamua mwenyewe. Kila kitu cha kupikia pilau kilikuwepo isipokuwa pilau."

Nikadhani yameisha. Aibu ya mama aliyewadanganya watoto wake, nikaielewa, nikawa hata nimeanza kutunga jibu lenye adabu: kwamba haikuwa uongo, yalikuwa mapenzi, na kadhalika. Maneno yale tunayowaambia wazee wanapoanza kujihukumu.

Hakunipa nafasi.

"Baba yako alirudi kuswali, akafunua sufuria, akaangalia, akafunika. Hakusema neno. Akamchukua kaka yako wakaenda kula kwa watu. Mimi nimetwanga usiku kucha, mikono imetoka malengelenge, mume wangu anakwenda kula Idi kwa watu."

"Alikuambia amekula kwa watu?"

"Alirudi magharibi, nikampakulia. Akasema ameshiba."

Akapeta ungo mara moja, mchele ukaruka ukarudi.

"Wewe kila Idi unaipakua siku ile."

## Jina la mahindi

Tangu hapo nimekuwa nikijibizana na mtu asiyekuwepo.

Upande mmoja unasema: acha kupika kitu hicho, mara moja, ulikuwa humtendei haki mama yako na hukujua, sasa unajua. Upande wa pili unauliza: na furaha yangu? Nayo ilitungwa? Nilikuwa na miaka saba, nilishiba, nilikuwa mfalme. Mahindi kuwa ya msaada hakuubadilishi ukoko ule mdomoni mwangu.

Nikaanza kuvitazama vyakula vyetu kwa jicho baya. Bada la Tanga, ambalo leo unalifuata hotelini na kuliagiza kwa kujigamba pamoja na samaki wa nazi: muhogo uliovundikwa na kukaushwa, akiba ya watu wenye njaa. Wakoloni waliwalazimisha watu kulima muhogo kwa sababu hiyo hiyo, mvua ikikataa uwepo ardhini. Na muhogo wenyewe si wa hapa, uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Mahindi nayo yametoka huko huko Amerika, lakini jina lake linakuelekeza India. Yaani kuna mtu, karne kadhaa zilizopita, aliulizwa hiki ni nini, akatoa jibu la kukisia, na mpaka leo tunalisema bila kupepesa macho.

Kwa hiyo Mama hakuwa wa kwanza kuyapa mahindi jina lisilo lake.

Nilifurahia hoja hiyo kama siku tatu. Nilikaribia kumpigia simu nimpe. Bahati nzuri nilijiuliza kwanza angejibu nini, nikamsikia kabisa: Mimi nakwambia habari za baba yako, wewe unaniambia habari za Wareno.

Ndiyo hapo nilipoelewa kwamba mahindi hayana kosa. Linalomuuma ni sufuria iliyofunuliwa na kufunikwa.

## Kaka

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka ule. Yeye hali mahindi ya njano, hayagusi, hata ya kuchoma kando ya barabara anayakagua rangi kwanza. Chakula changu cha Idi anakiita chakula cha kuku, na anapokuja Dar kwa sikukuu anakaa upande wa pili wa mkeka, mbali na sinia lile. Nilijua sababu: yeye alikuwa mkubwa, alipanga foleni, alijua ni dhiki. Mimi nilikula hadithi, yeye alikula mahindi. Nimeshaisema sentensi hiyo mbele za watu zaidi ya mara moja na nikaonekana nina busara.

Wiki ya nne nikampigia.

"Kaka, shikamoo. Ile Idi ya pilau la dhahabu. Mlikwenda kula kwa nani, wewe na Baba?"

Kimya kirefu, mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

"Nani kakwambia tulikula?"

Nayaandika aliyoniambia kama alivyoyasema, kadiri ninavyoweza. Walitoka nyumbani, wakapita mtaa baada ya mtaa, kila mlango una mtu anayewaita karibuni, Baba anaitikia "tumeshakaribia" na kupita. Wakatembea mpaka Deep Sea, kule kwa wavuvi. Hakukuwa na wavuvi, ilikuwa Idi. Wakakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa wakatazama maji. Watoto wenye nguo mpya wakipita kwa makundi. Adhuhuri ikaingia, wakaswali, wakarudi kwenye ngalawa. Mchana ulipokolea Baba akamwita kijana aliyekuwa akiuza machungwa ya Muheza, akanunua chungwa moja, wakagawana.

"Akasema kufunga leo ni haramu. Tusije tukaandikiwa dhambi bure."

"Kwa nini hamkurudi nyumbani mkale?"

"Si alifunua sufuria? Akaona ni cha watu watano. Sisi tulikuwa saba. Akaniambia, wewe na mimi ni wanaume, waache wale washibe mbele ya mama yao. Akanikataza nisiseme."

Miaka arobaini na zaidi, hakusema. Mwanzoni kwa sababu alikatazwa, baadaye kwa sababu alidhani Mama anajua. Wake na waume wanaambiana, alifikiri. Kisha Baba akafa, ikawa si jambo la kulianzisha.

Nikamwuliza: ndiyo maana hutaki kukila?

Akacheka, cheko kavu. "Mimi nilitaka kula, bwana. Nina miaka kumi na mitatu, nasikia harufu ya mdalasini tangu alfajiri. Ningekula hata sufuria. Nimekuwa nikikiita chakula cha kuku, lakini sijui ladha yake. Sijawahi kukionja."

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Sentensi yangu ya busara sijairudia tena.

## Pipi

Sasa mashaka.

Kaka anasema hakukuwa na pipi. Baba alikuwa na pesa ya chungwa tu, na chungwa lenyewe walipunguziwa. Mimi naiona pipi, ya kijani, karatasi imeganda kwa joto la mfuko wa kanzu, nimeilamba na karatasi yake. Mmoja wetu ametunga. Na kama mimi naweza kutunga pipi, yeye hawezi kutunga chungwa? Alimpenda Baba kupita sisi sote. Mtoto anayempenda baba yake, akikaa na siku moja mbaya kwa miaka arobaini, ataipaka rangi gani?

Ninamwamini. Lakini nimejiuliza.

Halafu kuna hasira, ambayo sikuitegemea. Marehemu Baba alikuwa mtu wa kazi ya reli, mpole, asiyesema zaidi ya linalohitajika, na sote tulimsifu kwa hilo. Sasa namfikiria akifunika sufuria ile bila neno. Neno moja lingetosha. Mke wangu, hiki ni cha watano, tutakula baadaye. Alijinyima chakula, sawa, na Mungu amlipe, lakini alimnyima Mama maelezo, na njaa yake iliisha siku ile ile. Ya Mama imefika mwaka huu.

Nalo jingine, dogo, lilinijia usiku nikiwa naosha vyombo. Nimejaribu kumwona Mama akila Idi ile. Namwona akitwanga, namwona akifunua sinia, akisema maneno yake ya wafalme, akipakua, akimpangusa mdogo wetu pua. Mkono wake hauendi mdomoni. Hesabu ya Baba ilisema watu watano. Sina hakika walikula watano.

Nimwambie au nisimwambie? Nilizunguka na swali hili kama kuku anayetaka kutaga. Nikimwambia na ni kweli, nitakuwa nimempokonya kinyongo alichokaa nacho karibu nusu ya umri wake, kisha nimwache na mume asiye na kosa, aliye kaburini, asiyeweza kuombwa radhi. Nisipomwambia, nitakuwa wa tatu katika nyumba hii kulifunika sufuria lile lile. Mume wangu akasema, usiingilie mambo ya wakubwa. Nikamkumbusha kwamba mimi mwenyewe nakaribia miaka hamsini, wakubwa ni sisi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa mtungi ulipasuka zamani, kata imebaki mkononi mwa kaka.

## Ijumaa

Mama amerudi Tanga. Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, nikampigia. Tukaamkiana, tukaulizana hali za wote, hata za mbuzi. Kisha nikamweleza kama kaka alivyonieleza, bila kupamba: milango waliyoipita, ngalawa, maji, kijana wa machungwa, watu watano na watu saba.

Hakunikatiza. Nyuma yake nilisikia redio ya jirani. Mtu akapita na kumwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti yake ya kila siku.

"Chungwa moja?" akasema.

"Moja, Mama."

"Watu wawili, chungwa moja."

"Ndivyo alivyosema kaka."

Redio ikaendelea. Nikahesabu pumzi zake.

"Alilimenya nani?"

"Sijakuelewa, Mama."

"Hilo chungwa. Baba yako alikuwa hajui kumenya chungwa. Tangu anioe, mimi ndiye niliyemmenyea. Alilimenya nani?"

Nikasema sijui, sikuuliza.

"Muulize kaka yako," akasema, akakata simu.